Mbawakawa Mwenye Lebo Nyekundu

"Tafadhali afande, usiegemee hapo."

Inspekta aliondoa kiwiko chake kwenye kabati. Tangu aingie kwenye ukumbi ule wa makumbusho alikuwa amekatazwa kuegemea, kugusa, kupuliza, kufungua dirisha na kunywa chai, na kwa mwanamke asiyeweza kutulia mahali pamoja hiyo ilikuwa adhabu tosha. Kazini walimwita Upupu. Wenzake walisema ni kwa sababu hawezi kukaa kitini bila kujikunakuna. Waliowahi kuhojiwa naye walisema ni kwa sababu huwafanya wengine wajikune. Mwenyewe hakuwa na kinyongo na jina hilo, na hata simu aliipokea kwalo.

"Haya, nieleze tena," alisema, akianza kuzunguka meza. "Nieleze kama mtu aliyefeli baiolojia, maana ndivyo ilivyokuwa."

Mtunzaji wa ukumbi, bwana mrefu mwenye koti jeupe na funguo zilizoning'inia shingoni, alivuta pumzi.

"Kila aina ya kiumbe, sisi tunasema kila spishi, ina mdudu mmoja aliyetumika kuipa jina. Mmoja tu duniani. Huyo anawekewa lebo nyekundu na kufungiwa kwenye kabati la peke yake. Wengine wote wanaokuja baadaye tunawalinganisha na yeye. Akipotea, jina linabaki linaning'inia hewani."

"Kama cheti cha kuzaliwa."

"Cheti unaweza kuomba kingine, afande. Huyu ndiye mtoto mwenyewe."

Upupu alifika mwisho wa meza, akageuka. Mambo yenyewe hayakuwa mengi. Chama cha wataalamu wa kuainisha viumbe kilikuwa kwenye mkutano wake wa mwaka, na leo ilikuwa siku ya kufunga. Jana walikuwa na kazi ya pamoja: wanachama, wazee kwa vijana, waliketi humu ukumbini kupanga droo za wadudu ambazo zilikuwa zinasubiri mikono kwa miaka. Binti mmoja mtafiti aliomba mbawakawa fulani mwenye lebo nyekundu ili ampige picha. Alasiri akarudisha kisanduku chenye kifuniko, Mtunzaji akakifungia kabatini. Leo asubuhi alipokifungua ili mdudu akaonyeshwe kwenye mada ya binti, ndani alikuta sponji nyeupe yenye tundu la pini, basi.

"Jana ulipokipokea hukukifungua?"

"Sikukifungua." Mtunzaji alitazama viatu vyake. "Kila ukifunua kifuniko unamtikisa. Wadudu wakavu hawa, miguu inakatika hata kwa chafya. Kwa hiyo nilitazama kifuniko tu. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Na anayetaka kutoka naye mlangoni?"

"Hawezi. Mikoba inabaki nje. Makoti tunayowapa yameshonwa mifuko. Na huyo mdudu ana ukubwa wa punje ya harage, amechomwa pini ndefu kama kidole. Ukimtia shatini, ukifika nje una unga."

"Kwa hiyo yumo humu ndani."

"Afande, humu kuna droo maelfu." Alionyesha kwa mkono makabati ya chuma yaliyojipanga hadi ukutani, na sauti yake ikawa ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. "Nimetafuta mezani, chini ya meza, kwenye mapipa ya taka. Nikianza kufungua droo moja moja, nitastaafu sijamaliza."

Muda wa kustaafu haukuwepo. Saa kumi alasiri mkutano ungefungwa, na kabla ya kufungwa kamati ingethibitisha ufadhili wa chama, yaani mwaka mzima wa utafiti kwenye makumbusho makubwa ya ng'ambo. Binti aliyepiga picha ndiye aliyeshinda. Kamati ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mdudu asipoonekana kufikia saa hiyo, jina la binti litaondolewa na nafasi itakwenda kwa aliyemfuata.

"Na kukosa nafasi ndiyo afadhali," alisema Mtunzaji, ambaye pia alikuwa katibu wa chama. "Kazi yetu ni ya kukopeshana. Makumbusho hii inaazima mdudu kule, ile inaazima hapa. Mtu akisemwa kwamba kapoteza lebo nyekundu, hakopeshwi tena popote. Mtafiti asiyekopesheka ndiyo kwaheri."

Upupu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imekwisha pita saa saba.

* * *

Binti alikuwa amewekwa kwenye chumba cha maandalizi, penye harufu ya spiriti na sinki mbili. Watu wote walimwita Lenzi, kwa kuwa hakuonekana bila kilenzi chake cha mkononi, alichokitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa, kaa." Yeye mwenyewe hakukaa. "Jana ulimwacha mdudu peke yake?"

"Nilikwenda kunywa chai. Humu hainywewi. Nilimrudisha kwenye kisanduku, nikafunika, nikaenda."

"Na uliporudi?"

"Nikachukua kisanduku nikampelekea Mtunzaji."

"Bila kufunua."

"Bila kufunua. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mnafundishwa vizuri sana," alisema Upupu. Alifungua bomba la sinki, akalifunga. "Ulikuwa unampiga picha za nini?"

Lenzi alikisokota kilenzi chake mpaka kamba ikamkaba.

"Mwanangu, saa zinakwenda."

"Ni za mada yangu ya leo." Aliongea akitazama mlango. "Wadudu tunawapanga kwa nyumba, afande. Spishi ndugu zinakaa nyumba moja, tunaiita jenasi. Sasa huyu mbawakawa alijengewa nyumba yake peke yake, miaka mingi iliyopita. Mimi nimemchunguza, nasema hapana. Huyu ni wa nyumba ya jirani, ile ya wenye mgongo wa michirizi. Nikikubaliwa, nyumba yake inavunjwa na jina la nyumba linafutwa."

"Nani alijua kwamba utasema hivyo?"

"Hakuna. Kwenye ratiba niliandika 'maoni mapya' tu. Niliogopa."

"Hakuna kabisa?"

"Labda aliyesoma ombi langu la ufadhili. Ukiomba, lazima uambatishe kazi yako, na mtaalamu mmoja anaisoma na kutoa alama. Lakini ni nani, hatuambiwi. Jina lake linafichwa ili asione haya kusema ukweli, wala asije akaombwaombwa."

"Na hiyo nyumba unayotaka kuivunja, aliijenga nani?"

Machozi yalimrudia Lenzi. "Profesa."

"Yupi? Humu kila mtu ni profesa."

"Mwenyekiti wetu. Ndiye aliyenifundisha kushika pini."

* * *

Kabla Upupu hajapanda ngazi kumwona Profesa, Sajini wake alimfuata mbio akiwa na kibegi cha plastiki chenye jasho la barafu.

"Kwenye friza, bosi! Chini kabisa, kimefungwa magazeti. Kisanduku. Hakina jina."

Friza ile ilikuwa na kazi yake. Mdudu yeyote atokaye nje ilikuwa lazima alale humo siku kadhaa kabla ya kuingia ukumbini, ili vijidudu vinavyotafuna wadudu wakavu vife kwanza. Kila kisanduku humo kilikuwa na jina la mwenyewe, isipokuwa hicho. Mtunzaji alikitambua kwa kamba yake. Ni cha mtafiti wa nyigu, alisema, yule ambaye wenzake humwita Nyigu. Na Nyigu ndiye aliyeshika nafasi ya pili kwenye ufadhili.

Upupu alihisi damu ikichangamka. Alimkuta Nyigu ngazini, kijana mnene mwenye miwani, naye alipoona kile kisanduku alirudi ngazi moja nyuma.

"Ndani kuna nini?"

"Afande, kikifunguliwa kabla hakijapata joto, unyevu..."

"Ndani kuna nini?"

"Nyigu."

Sajini alifungua. Kweli walikuwa nyigu: wadogo, wa rangi ya bluu iliyoiva, kila mmoja kwenye pini yake. Mbawakawa hakuwemo.

"Juzi ilikuwa siku ya watu wote," alisema Nyigu kwa haraka, akiwa amekishika kisanduku kwa mikono miwili. "Mwananchi yeyote anakuja na mdudu wake, tunamwambia ni nani. Mama mmoja alileta chupa ya jemu. Afande, hawa hawana jina! Duniani kote hawana jina. Ningewaacha mezani, wenzangu wangewaona, na mwezi ujao mtu mwingine angekuwa amewaandika."

"Kwa hiyo ukamwibia mama wa watu."

"Alinipa mwenyewe! Alisema niende hata nimalizie waliobaki, wamejenga kwenye pazia lake."

Sajini alikohoa kuficha kicheko. Upupu hakucheka, kwa sababu alikuwa ametoka patupu na saa haikumsubiri.

"Unajua Lenzi akianguka, safari ni yako."

"Najua. Tangu asubuhi watu wananitazama kama niliyefumaniwa." Nyigu alifuta miwani yake kwa shati. "Sitaki nafasi ya kuokota namna hiyo." Akaivaa. "Basi, nisikudanganye, naitaka. Lakini mdudu wake sikumgusa. Mbawakawa siwawezi hata kuwashika, nawavunja."

Hilo Upupu aliliamini, maana mikono ya yule kijana ilikuwa minene kama mikate. Alimwachia kisanduku chake.

* * *

Profesa alikuwa kwenye chumba cha kusomea, peke yake, mgongo umenyooka. Mvi zilikuwa zimemjaa kichwani, na alikuwa na miwani mbili, moja usoni na nyingine kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa chini, unanitia kizunguzungu."

Upupu alikaa, na mguu wake mmoja ukaanza kucheza wenyewe chini ya meza.

"Huyu mbawakawa aliyepotea, nyumba yake uliijenga wewe."

"Ndiyo. Mwanangu ndiye aliyempata." Alisema bila kutetemeka, kama mtu aliyelisema jambo mara nyingi. "Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akaenda safari ya porini na wenzake. Alirudi na homa, hakuamka tena. Kwenye vitu vyake nikamkuta yule mdudu. Kile kikaratasi kilicho juu ya ile lebo nyekundu ameandika yeye kwa mkono wake, mahali na siku. Nikamchunguza mwaka mzima. Nikaona hafanani na wengine. Nikamjengea jenasi, nikaipa jina la mwanangu."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa."

"Na Lenzi unamwonaje?"

"Ni mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha."

"Basi mbona kamati inataka kumwondoa?"

"Kamati ina taratibu zake."

"Mwenyekiti ni wewe."

"Mwenyekiti hapigi kura, ila kura zikilingana." Alivua miwani ya usoni, akaisafisha, ingawa ilikuwa safi, akavaa ile ya kifuani.

"Jana wakati wa chai ulikuwa wapi?"

"Kila mahali. Siku ya kazi ya pamoja sisi wazee tunazunguka meza za vijana. Huyu hajui kushika kibano, yule amekwama kwenye utambuzi. Waulize, wote watakwambia wameniona."

Na kweli aliowauliza wote walisema wamemwona, kila mmoja mahali pake, kwa hiyo haikumsaidia kitu.

* * *

Saa tisa kasoro, Upupu alisimama kwenye baraza ya nje ambako wanachama walikuwa wakinywa chai. Kulikuwa na meza yenye mabango: nafasi za mafunzo, ruzuku ndogo za safari za porini, warsha ya kuchora wadudu, mzee anayetafuta mwanafunzi wa kumrithisha kazi ya konokono. Pembeni kulikuwa na trei ya wadudu wa maonyesho, iliyobaki kutoka ile siku ya watu wote, nao walipangwa safu safu.

Mikono yake ilimwasha. Hakukuwa na Mtunzaji wa kumkataza, kwa hiyo alimchomoa mdudu mmoja wa kijani, akamgeuzageuza, kisha akamchomeka popote palipokuwa na nafasi, akaendelea kutazama saa.

Mama mmoja mwenye shuka begani alipita na kikombe. Akasimama. Bila kusema neno alimchomoa yule wa kijani, akamrudisha safu yake, akaendelea na safari.

Upupu alimtazama akienda. Akamchomoa tena yule mdudu, akamweka kwa makusudi katikati ya wadudu weusi wenye pembe. Akapita mzee wa konokono, aliyekuwa akibishana na mwenzake juu ya uchaguzi wa mhazini. Mkono wake ulishuka wenyewe, ukamhamisha mdudu, na ubishi haukukatika hata kidogo. Mara ya tatu ilikuwa zamu ya Nyigu, na vidole vyake vizito vilimvunja mdudu mguu, lakini alimrudisha pake.

"Sajini!" Upupu aliita, sauti juu. "Niitie Mtunzaji. Mwambie aje na funguo."

Walikutana mlangoni mwa ukumbi.

"Wewe ukitaka kumficha mdudu humu, utamweka wapi?"

"Mimi?" Mtunzaji alikasirika. "Siwezi..."

"Kwa mfano tu, ndugu yangu. Ungemtia kwenye droo ya vipepeo?"

"Vipepeo!" Alionekana kama aliyetukanwa. "Mbawakawa kwenye vipepeo? Atapotea kabisa."

"Si ndiyo kuficha kwenyewe?"

Mtunzaji alizungusha ufunguo mlangoni.

"Mwizi wa kawaida angemsaga kwa kidole na kumpuliza dirishani," alisema Upupu, ambaye sasa alikuwa anakwenda mbele yake kati ya makabati. "Angemng'oa lebo. Huyu hakufanya hivyo, kwa sababu ni mmoja wenu, na mmoja wenu hawezi. Hawezi hata kumweka mahali ambapo si pake. Sasa niambie, yule mbawakawa ni wa wapi?"

"Ni wa jenasi yake, kwenye kabati la..."

"Huko hayupo. Mtu akiamini kwamba ile nyumba si halali, atamweka wapi?"

"Hakuna anayeamini hivyo, afande."

"Lenzi anaamini. Nifungulie nyumba ya jirani. Wenye mgongo wa michirizi."

Droo ilitoka taratibu, ikiwa na kifuniko cha kioo. Wadudu kwa mamia, wote wakitazama upande mmoja. Mtunzaji aliinama, akafuata safu kwa macho, na ghafla akashika ukingo wa meza. Pale safu ya chini, karibu na wale wenye miguu mirefu, alikuwa amesimama mbawakawa mmoja mwenye michirizi hafifu kuliko wenzake. Chini ya kikaratasi cheupe cha mwandiko mdogo, ulichungulia ukingo mwekundu.

"Mzima," alinong'ona. "Hata kipapasio hakijakatika." Kisha uso wake ukabadilika. "Lakini hii ni mbaya zaidi kwake. Umeniambia haya ni maoni ya Lenzi. Kamati itasema kamweka yeye."

Na kamati ingesema kweli hivyo. Upupu alipiga hatua mbili, akarudi. Kama Lenzi ndiye aliyemweka, kesi ilikuwa imekwisha na binti amekwisha nayo.

"Mlete," aliagiza. "Usimwambie kitu."

Lenzi alipoiona droo, macho yake yalimfikia mdudu kabla ya kuambiwa. Alilia kwa sauti mara moja, kilio cha furaha. Halafu akainama, akaweka kilenzi jichoni, na furaha ikakatika.

"Nani kamweka hapa?"

"Si ndiyo droo unayoisema?"

"Droo ndiyo. Lakini hapa sipo pake!" Alikuwa amesahau polisi, amesahau kamati. "Huyu ni ndugu wa wale wa juu, wenye mabega mapana. Mada yangu nzima imesimama juu ya mabega! Kumweka na wenye miguu mirefu ni kama... Mtunzaji, tazama miguu hii. Mtu atawezaje?"

Upupu alimgeukia Mtunzaji. "Aliyesoma ombi lake ni nani? Wewe ndiye katibu wa chama, unajua."

"Siwezi kusema. Hata mahakamani sitasema."

"Sawa. Usiseme." Aliangalia saa. "Ila nihamishie mdudu, mweke pale anapopataka Lenzi. Kisha wote wawili kaeni nyuma ya kabati lile, na asipumue mtu."

* * *

Profesa aliingia akitembea polepole. Droo ilikuwa mezani, kifuniko kimeondolewa, kibano kando. Upupu alikuwa amempa mgongo, anatazama nje dirishani.

"Tumempata, mama."

"Afadhali."

"Alikuwa kwenye droo hiyo. Bahati mbaya ni droo ya Lenzi, kwa maana ya maoni yake. Kwa hiyo ushahidi wote unamwelekea. Nitapeleka taarifa kwa kamati, na wao wamalizane naye."

Aliacha maneno yafanye kazi. Kwenye kioo cha dirisha aliona kivuli cha yule mama kikiinama juu ya droo. Kikakaa hivyo. Upupu, ambaye maishani mwake hakuwahi kusimama tuli namna ile, alikuwa amezuia hata kope. Ndipo aliposikia kibano kikigusa pini. Mdudu alichomolewa safu ya juu, taratibu, kwa mkono uliojua kazi, akashushwa safu ya chini, karibu na wenye miguu mirefu.

Upupu aligeuka.

"Hapo hapo ndipo tulipomkuta, mama. Lenzi anamweka juu. Mtunzaji haamini hata kama ni wa droo hii. Na kazi ya Lenzi imesomwa na mtu mmoja tu."

Profesa aliangalia mkono wake mwenyewe, bado umeshika kibano. Akakiweka chini kwa uangalifu, kana kwamba nacho kingevunjika. Akavuta kiti akakaa.

"Nilisoma nyumbani," alisema. "Sikufika hata nusu nikajua yuko sahihi. Kwenye mabega amekosea, atarekebisha. Lakini lililo kubwa amelipata. Nikampa alama zote. Nilimpa, afande, ukafungue uone. Halafu nikakumbuka kwamba atasimama mbele ya watu wote, na mimi nimekaa kiti cha mbele, aseme jina la mwanangu lifutwe. Ninastaafu mwakani. Nilitaka mwaka mmoja tu. Bila mdudu, asingeweza kuonyesha. Angengoja mkutano ujao, nami nisingekuwepo."

"Ukamwacha aitwe mwizi."

"Sikudhani watamwita mwizi. Nilidhani watatafuta, hawataona, mada itaahirishwa. Asubuhi walipoanza kumsema, nilifungua kinywa." Alitikisa kichwa. "Hakikutoka kitu."

Hasira ilimpanda Upupu, na huruma ikawa inamvuta upande wa pili, akachukia vyote viwili.

"Basi si ungemweka droo nyingine yoyote? Droo maelfu. Tusingempata mpaka kiama."

Yule mama alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Ningemweka wapi, mwanangu? Hapo ndipo pake."

Nyuma ya kabati mtu alivuta kamasi. Upupu alijifanya hakusikia.

"Mali haikutoka nje ya jengo, kwa hiyo mimi sina mwizi wa kumkamata," alisema. "Lakini saa kumi kuna binti anayenyang'anywa maisha yake. Ama utasema wewe, ama nitasema mimi."

* * *

Ukumbi wa mihadhara ulijaa. Mtunzaji, sasa kwa nafasi yake ya katibu, alisoma matangazo kwa sauti isiyo na pumzi: mhazini mpya, warsha ya mwezi ujao, ruzuku za wanafunzi, shindano la bango bora. Hakuna aliyekuwa anasikiliza. Viti vililia, watu walinong'ona, na Lenzi aliketi safu ya nyuma huku kiti cha kila upande wake kikiwa kitupu. Upupu alikuwa mlangoni, uzito wake ukihama mguu hadi mguu.

"Ajenda ya ufadhili," alisema Mtunzaji, akakwama.

Profesa alisimama. Hakwenda jukwaani. Alizungumza akiwa pale pale kiti cha mbele, akiwageukia.

"Mdudu amepatikana, mzima. Nilimficha mimi. Binti huyu hakufanya kosa lolote, na waliomsema wamwombe radhi, nikiwa wa kwanza. Leo najiuzulu uenyekiti. Ufadhili ni wake." Ukumbi ulianza kuvuma, naye akainua mkono. "Sijamaliza. Ratiba inasema bado kuna mada moja. Tuisikilize."

Ilichukua muda Lenzi kufika mbele. Karatasi zilimwanguka njiani, Nyigu akamwokotea. Alianza kwa sauti ndogo. Picha zilipita ukutani: michirizi, mabega, miguu. Kadiri alivyoendelea sauti ilimrudi, na wazee wa safu ya tatu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Alifika ukurasa wa mwisho, penye sentensi moja inayotaja jenasi ambayo kuanzia leo haipo tena, na jina lake.

Aliitazama sentensi, akamtazama mama yule pale mbele, akafunika karatasi kwa kiganja.

"Kwa hiyo, kwa kifupi," alianza, "hitimisho langu ni kwamba..."

"Soma, mwanangu," alisema Profesa. "Usiruke."

Lenzi aliondoa kiganja, akalisoma jina lile lote, polepole, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.